Saa ya Kifaranga

Kituoni walikototolesha vifaranga, mwanamke aliyesimamia usafirishaji aliitwa Mama Dakika. Ukimuuliza saa, hakukwambia "karibu saa nne". Alikwambia saa tatu na dakika hamsini na tatu, na saa ya ukutani ikibisha, basi ya ukutani ndiyo mbovu.

Kwa miaka kumi na tisa alipanga vifaranga wa siku moja kwenye maboksi yenye matundu, mia kwa kila boksi. Meneja mpya, kijana wa kompyuta, alimwonyesha safari ya mteja wao mkubwa: kilomita mia saba na arobaini, ndege saa moja na dakika kumi.

"Saa moja na ushee tu, mama!"

"Hiyo ni saa ya rubani, meneja. Ya kifaranga inaanza anapopasua ganda. Kiini alichobaki nacho tumboni kinamtosha siku mbili. Toa muda wa kuchagua, wa kuchanja, wa kungoja uwanjani, wa kutoka uwanjani mpaka bandani. Ndege ni kipande kidogo."

Meneja alicheka kwa adabu, mambo yakaishia hapo.

Jumanne moja walifikisha maboksi manane uwanjani mapema. Ndege ilikuwa ya saa tatu asubuhi. Saa mbili na nusu karani wa mizigo akawajia: tairi limeharibika, ndege itaondoka saa nane mchana.

Presha ikampanda meneja. "Tupakie kwenye gari sasa hivi! Bora tuwe tunasogea."

"Kwa gari safari itachukua saa ngapi?"

"Kumi na mbili, tusipokwama."

"Mpaka tumalize kupakia ni saa tatu, basi tutafika saa tatu usiku, na jua lote la mchana limewapiga njiani. Kwa ndege, saa tisa na dakika kumi wameshatua. Kawia ufike, mwanangu."

"Na isipoondoka?"

Mama Dakika alimfuata karani, akamuuliza hili na lile, akarudi. "Tairi jipya lipo, mafundi wanalifunga. Mambo yakiharibika, lawama ni zangu. Vua koti unisaidie."

Ghala la mizigo lilikuwa la mabati, joto kama tanuri. Lakini nyuma ya ofisi ya karani Mama Dakika alikuwa ameona ujia wenye kivuli na upepo.

"Kaka, nina abiria mia nane," alimwambia karani. "Hawavuti sigara, hawaulizi choo kiko wapi. Waazime huo ujia."

Karani akacheka mpaka akashika mbavu, akafungua mlango. Wakatandaza maboksi mojamoja, nafasi ya kiganja kati yake. Kila nusu saa mama aliinama kusikiliza.

"Wakipiga kelele wote kwa pamoja, jua kuna shida. Hawa wananong'ona tu. Raha mustarehe."

Meneja naye akainama, tai ikining'inia, akasikiliza.

Ndege iliruka saa nane na dakika sita. Jioni mteja akapiga simu: kati ya mia nane, wamekufa watatu tu. Hata ndege ikiwahi, alisema, huwa anapoteza zaidi ya hapo.

Kesho yake meneja aliita wafanyakazi wote, akatangaza kwamba ratiba ya kila mzigo ataiamua Mama Dakika. Kisha akamuuliza angependa zawadi gani.

"Feni mbili, chumba cha kupakia," alisema bila kufikiri. "Kubwa."

Zikafungwa Ijumaa.