Ule wimbo wa ng'ombe mnaoucheza, ulivyotunyamazisha kwenye kaburi la bibi

Wakuu, nawasalimu kutoka Didia, Shinyanga. Wakubwa wote, shikamooni.

Mimi huandika riwaya, kwa hiyo kutunga naweza. Haya sikuyatunga. Natamani ningekuwa nimeyatunga.

Ule wimbo unaoanza na "mooo" ndefu, halafu mbuzi na jogoo wanadakia, naamini karibu wote humu mmeucheza. Sauti ile ya kwanza ni ya baba yangu mdogo, Baba Kulwa.

Na hakikuwa kitu cha kuchezea.

Kwenye ukoo wetu mwenye mifugo akifa, kabla udongo haujatupwa, mtu mmoja husimama kaburini akalia kama ng'ombe wa marehemu. Ng'ombe hawaji makaburini, kwa hiyo mtu huwabebea kilio chao. Kwanza jike, kisha ndama, mwisho dume. Kwenye dume ndipo watu wazima huvunjika.

Kazi hiyo babu alimwachia Baba Kulwa. Nimemsikia mara nyingi, na sijawahi kuandika sentensi iliyofika pale.

Shida ikawa kurithisha. Wanawe wako kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko Geita, hawana muda wa kujifunza kulia. Akaona ajirekodi, sauti ibaki. Akapanda basi hadi Segese, kwa kijana mwenye studio.

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, hii ni moto! Niachie."

Akamwachia.

Msimcheke, wakuu. Huku mtu humkabidhi jirani ng'ombe wake amtunzie, na siku akimtaka hurudishiwa yule yule, na ndama juu. Baba Kulwa aliikabidhi sauti yake hivyo hivyo.

Alikuja kuikuta mnadani, imeshatiwa biti, mbuzi na jogoo, kwenye spika ya muuza dawa za mifugo. Watu walikuwa wanakata viuno. Akanishika mkono, macho yamemtoka.

"Nani kafa?"

Nikamtoa mnadani.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuuzuia. Redio ziliupandisha mpaka namba moja. Harusini ndio ulioingiza keki. Wachimbaji wakitoka shimoni, uso mzima vumbi, wanasalimiana "mooo". Bodaboda wakamwita mzee Dume. Kijana wa studio hakupokea simu tena.

Kisha bibi, mama yake Baba Kulwa, akaugua. Tulimpeleka hospitali ya Kolandoto. Siku ya mwisho akiwa na nguvu ya kusema, alimwambia mwanawe, "Usiniache niende kimya."

"Siwezi, mayu," akamjibu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

Tukamzika nyumbani. Watu walijaa.

Baba Kulwa akavua kofia, akasogea ukingoni mwa kaburi, akaanza. Sauti ya jike ikapanda, pana, yenye jioni ndani yake.

Huko nyuma mtu akajibu kama mbuzi.

Kicheko kikapasuka. Akanyamaza, akasubiri kitulie, akaanza upya. Alipofika kwa ndama, vijana walishakuwa wanapiga miguu chini kufuata biti. Shangazi alijifunika khanga usoni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia.

Kwa dume hakufika.

"Fukieni," alisema.

Bibi akaenda kimya.

Watu walipokuwa wanakula, alikuja mama mmoja kijana, amebeba mtoto na simu mkononi. "Shikamoo, baba. Pole sana na msiba. Huyu mwanangu anakupenda mno, wimbo wako usipopigwa halali. Mlilie kidogo tu, nirekodi."

Nilijua atamfukuza. Nilitamani amfukuze.

Alimtazama mtoto. Akafumba macho, akalia yote: jike, ndama, dume. Machozi yalimshuka hadi kidevuni. Mtoto akapiga makofi.

"Rudia, baba," yule mama akasema. "Simu haikushika."

Akarudia.

Nilichojifunza ni kidogo na hakinisaidii: kitu cha watu kinaweza kupendwa mpaka kikafa. Adui ungempinga. Mtu anayekupenda huku anacheka, utamfanyaje? Tangu siku hiyo tumezika wengine wawili hapa kijijini, na Baba Kulwa hakuitwa.

Kama kuna ukoo uliowahi kupoteza kitu cha namna hii ukakirudisha, niambieni mlifanyaje. Mimi sioni njia.

Na wewe unayetaka kuandika "mooo" hapo chini, andika tu. Tumeshazoea.