Kibonyeo cha Dole Gumba

Mzee wa suti na mvi alipiga magoti kwenye sakafu ya duka letu, akaingiza mkono kwenye gunia la takataka, akatoa kipande cha raba na kukishika kama anayempa mtu mkono.

"Siyo wewe," akakiambia.

Akakiweka pembeni. Akatoa kingine.

Jamani, sijaongeza chumvi. Nilikuwa nimesimama pale pale, na kazi yangu ilitegemea zile raba.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya gofu vya mtumba. Nilipomaliza chuo nikakosa kazi, mama alimbembeleza anichukue. Mimi ni mtu wa aibu. Mteja akiniangalia sana, naanza kupanga vitu ambavyo vimeshapangwa.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye zile fimbo fupi za kusukumia mpira shimoni. Sehemu ya kushikia huvikwa raba. Fimbo za mtumba huja na raba zilizochakaa, zinazonata jasho la watu usiowajua.

"Mjomba, tubadilishe raba kabla ya kuuza. Chuoni tulifundishwa kwamba mteja huanza kununua kwa macho."

"Mchezaji ananunua kwa viganja," akajibu. "Akitaka raba mpya ataivalisha mwenyewe."

"Lakini hii inanuka."

Akainusa. Akaisukumia mbali.

"Haya, badilisha. Ila fimbo zikidoda, mpwa wangu, utarudi kwa mama yako. Na nitakusindikiza mwenyewe."

Nikazibadilisha zote. Unachana raba kuukuu kwa wembe, unaibandua, unazungusha tepe yenye gundi pande mbili, unamwagia petroli kidogo, kisha unaisukuma raba mpya mpaka mwisho. Zikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Zile kuukuu nikazitupa guniani.

Kesho yake akaingia yule mzee, mhasibu mstaafu. Alikuwa amemuuzia mjomba fimbo yake ili anunue ya kisasa.

"Nirudishieni fimbo yangu. Jumamosi kuna mashindano klabuni, na kwa hii mpya mpira umegoma kuingia shimoni."

Nikampa. Akaishika, akaruka kama ameshika samaki hai.

"Hii siyo yangu!"

"Ni yenyewe, mzee. Shikamoo." Nilichanganyikiwa, salamu ikatoka mwisho.

"Yangu ilikuwa na kibonyeo cha dole gumba! Miaka yote dole langu linalala mle. Mmekipeleka wapi kibonyeo changu?"

Mjomba akanigeukia taratibu. Nikaanza kuiona njia ya kwenda kwa mama.

"Kipo guniani," nikasema kwa sauti ya panya.

Ndivyo suti ilivyofika sakafuni.

"Huyu hapa!" hatimaye mzee akapiga kelele, akaibusu raba iliyochanwa. Nikaivua ile mpya, nikairudisha hiyo na kuifunga kwa tepe. Mjomba akalaza kikombe kwenye zulia kiwe shimo.

Mzee akasukuma. Mpira ukaingia chini ya kabati.

Akasukuma tena. Ukagonga kiatu cha mjomba.

Mara ya tatu ukatoka nje ya mlango.

"Binti yako ameichana," mzee akalalamika. "Sasa imekata tamaa."

"Kachukue mkoba wako," mjomba akaniambia.

Nilikuwa nimeshaukwapua, machozi yananilenga, pale mlango ulipojaa mwanamke mfupi mwenye aproni. Mkononi alikuwa na ule mpira.

"Baba watoto, umeuza fimbo yangu?"

"Yako?" mzee akauliza.

Mkewe akaitwaa fimbo, na dole gumba lake likazama kwenye kile kibonyeo kama yai kwenye kiota. La mzee, nikikumbuka vizuri, lilikuwa linaning'inia pembeni.

Akasukuma mpira huku akimkazia macho mumewe. Tok! Kikombeni.

"Tangu lini?" mzee akanong'ona.

"Tangu ulipoanza kwenda kazini. Siku hizi umestaafu, nasubiri uingie bafuni. Ulidhani zulia la sebuleni limechakaa kwa nini?"

"Kwa kufagiliwa."

"Na wewe, kwa fimbo hii, uliwahi kushinda nini?"

Mzee akafikiri sana. "Mara moja nilikaribia."

Mjomba akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Basi hii naondoka nayo," mkewe akasema. "Wewe tafuta isiyo na kibonyeo cha mtu. Uchimbe chako."

Mzee akazipitia zile fimbo zangu zinazong'aa, akashika moja, akaifinya, akaifinya tena.

"Hii haina mtu," akasema kwa upole. "Naichukua."

Mjomba akakohoa. "Mpwa wangu, huo mkoba unaupeleka wapi wakati kuna mteja?"

Jumamosi mzee na mkewe wote wawili walicheza. Mzee alikuwa wa mwisho. Wa kwanza simtaji, maana mzee anasoma hapa.

Siku hizi raba nabadilisha, lakini mtu akija kuuza fimbo mjomba humuuliza kwanza: "Nyumbani nani mwingine huishika?" Wengi hucheka. Wachache huomba wapige simu kwanza.

Nilichojifunza ni hiki: ukiona kitu cha nyumbani kwako kimechakaa, usiwe mwepesi kudhani ni mkono wako uliokichakaza.