Siku Niliyoondoa Basi la Ifakara

Kwa miaka mingi nikikutana na mtu wa Kibaoni, mtaa wetu wa Ifakara, wa rika langu nilikuwa namwangalia kwanza kama anacheka ndipo nimsalimie, lakini kwa kuwa wengi mmeshaisikia habari hii ikiwa imepindishwa, acheni niisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na wala sikugawana na mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa fundi wa kompyuta wa mradi mdogo wa mbegu za mpunga pale Ifakara (fundi kwa maana ya kwamba wengine wote waliogopa kuigusa). Tulikuwa na mashine kubwa moja ukumbini na ndogo moja ofisini kwa Mama Konsolata, mpiga chapa wetu, na waya mrefu kati yake. Meneja wetu, Bwana Longino, alikuwa amemwalika mkubwa kutoka Morogoro aje aone barua ikitoka mashine moja kwenda nyingine bila karatasi, ili akiridhika tupewe laini ya kuunganishwa na mkoani. Kama asingeridhika, kompyuta zingerudishwa Morogoro, na mimi ningerudi kwetu Mahenge kulima.

Sasa mashine ile kubwa ilikuwa inachelewa kuwaka, na mimi, kwa kutaka sifa, nikasoma kitabuni kwamba ukijenga upya kiini cha mfumo (wenyewe wanakiita kerneli, ndiyo inayoendesha kila kitu) na kuacha usivyovihitaji, mashine inakuwa nyepesi. Hakuna aliyenituma. Siku moja kabla ya mgeni kuja nikakaa asubuhi nikaanza kujibu maswali, kwa sababu kazi yenyewe ni maswali matupu, unataka hiki, ndiyo au hapana, unataka kile, ndiyo au hapana, na kila nisichokijua nikajibu hapana. Nikafika kwenye mabasi. Basi, kwa lugha ya kompyuta, ni njia ya ndani ambayo kadi zinapitishia habari kwenda kwenye ubongo wa mashine, na ziko aina kadhaa. La kwanza lilikuwa la kizamani, nikakataa, na nilikuwa sahihi. Likaja la pili, linaitwa PCI, nikakataa nalo kwa mkono uleule, nikaendelea. Mashine ikasaga mpaka saa tisa alasiri, nikaizima nikaiwasha, ikawaka upesi ajabu, nikafurahi hata nikafuta kiini cha zamani ili nafasi isipotee. Kujaribu waya sikujaribu.

Kesho yake ukumbi ulijaa, pilau ya wageni inapikwa uani, wengine wamesimama nje madirishani, na mama yangu mzazi alikuwa amevuka mto kwa kivuko kutoka Mahenge tangu juzi, amelala kwa shangazi kule Lipangalala, akaketi mstari wa mbele na kitenge kipya. Nikampa mgeni shikamoo, akaitikia kwa upole, nikaandika barua, nikaituma, na kule kwa Mama Konsolata hakikufika kitu. Nikatuma tena. Mama Konsolata akachungulia mlangoni akatikisa kichwa. Ndipo nikaangalia nikakuta mashine haioni kabisa kadi ya mtandao, ile inayochomekwa waya, kana kwamba haijawahi kuwa nayo, na papo hapo nikakumbuka lile hapana la pili: kadi ilikuwa inapita kwenye basi la PCI.

Bwana Longino akanisogezea kipaza sauti (tulikiazima parokiani, na spika moja ilikuwa nje) akanitaka nieleze. Ningesema waya umelegea, ingekwisha. Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa, nikasema ukweli:

"Samahanini sana. Tatizo ni basi. Basi nimeliondoa mimi mwenyewe jana."

Kulikuwa na wakulima kama ishirini kutoka Mang'ula waliokuwa wameshakata tiketi za kurudi mchana. Walitazamana, wakainuka, na walioinuka wakawainua wengine, na walioko nje wakasikia nusu tu, kwamba basi limeondoka, wakatimua mbio kwenda stendi. Nikabaki nimeshika kipaza sauti, nataka kueleza habari ya kadi na njia za ndani, na mama yangu akasimama na kuniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kunionea huruma:

"Editha mwanangu, basi la watu umelipeleka wapi?"

Mgeni akainama akafunika uso. Nilidhani amekasirika.

Katika fujo hiyo nikakumbuka kwamba siku tulipofunga mfumo nilitengeneza disketi ya kuwashia, na ndani yake kuna kiini cha zamani. Nikakimbilia kabatini, nikaipata, nikaichomeka, nikawasha, na kadi ikaonekana. Wakati huohuo akaingia kondakta, mtu mpana, anahema, akamsalimia mgeni kwa adabu kisha akataka kujua ni nani aliyetangaza kwamba basi lake limeondolewa, kwa sababu abiria wameshajaa ndani saa mbili kabla ya safari na hawataki kushuka kupisha magunia ya mchele. Kila mtu akanigeukia. Hapo mgeni akaondoa mikono usoni, na kumbe alikuwa anacheka mpaka machozi, na kuona vile ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka, kulia kungefuata baadaye.

Mgeni aliniomba nimpishe kwenye kiti, akaandika barua mwenyewe, kwa kidole kimoja, akaituma. Safari hii Mama Konsolata alitoka na karatasi aliyoichapa kwake akaisoma kwa sauti: "Basi limepatikana. Abiria wote warudi wale pilau."

Kondakta akaondoka nayo kuwaonyesha abiria, na walirudi, naye akala sahani mbili.

Laini tulipata. Nami tangu siku ile swali la mashine nisilolielewa sijibu hapana, naliacha kama nilivyolikuta, na cha zamani sikifuti mpaka kipya kimefanya kazi wiki nzima. Mama ndiye aliyenishinda. Kule Mahenge anawaambia watu kwamba binti yake ni fundi mkubwa, anasimamisha mabasi kwa kompyuta, na nimechoka kumsahihisha.