Kamba za Kupandia Katika Somo la Seli

Phelista Nangila alikuwa mwalimu wa bodi, aliyeajiriwa na shule yenyewe wala si serikali, kwa miaka sita, katika shule ya kutwa nje ya Kamukuywa. Mwalimu wa bodi huachishwa kazi kwa sentensi moja, na mwaka huo wa 2006 sentensi yenyewe ilikuwa mdomoni mwa mwalimu mkuu, Gathogo. Alhamisi angekuja kutazama somo lake, kisha aamue kama ataendelea.

Taabu ililetwa na Nekesa, msichana asiyejua kunyamaza.

"Madam, kromosomu zikishajinakili, nani huziambia wakati wa kuachana umefika?"

Kitabu cha darasa hakikusema. Phelista naye hakujua. Jumamosi akaenda Kitale, akaketi mbele ya kompyuta ya saiba mpaka macho yakamwasha, akarudi akitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Alhamisi darasa likahamia uwanjani. Wanafunzi wanane walisimama wawili wawili, mgongo kwa mgongo, wamefungana viwiko. Kila jozi ilikuwa kromosomu na nakala yake, na viwiko vilikuwa kohesini, kundi la protini linalozishikanisha. Kila kiuno kilifungwa kamba ya kupandia mahindi. Katika kila jozi, kamba moja ilipaswa kwenda kwa mwenzao Khisa kwenye goli la juu, nyingine kwa Wanjala kwenye goli la chini; magoli yalikuwa ncha mbili za seli. Nekesa alikuwa protini za ulinzi. Maadamu mmoja hajashikwa, apige kelele "Bado!" Akipuliza filimbi, kohesini inakatwa, viwiko vinaachiana.

"Bado!" Nekesa alifoka. "Khisa, bado bana! Unavuta nini?"

"Si nimeshika!"

"Umeshika hewa!"

Darasa likaangua kicheko. Gathogo alikunja mikono, hakucheka.

Hatimaye kila kamba ikapata mkono. Nekesa akajaza mashavu pumzi.

"Ngoja!"

Alikuwa Gathogo. Aliingia uwanjani, akainua kamba mbili za jozi ya mwisho. Zilikuwa zimelegea, na zote mbili zilikwenda kwa Wanjala.

"Kamba ya kupandia isipokazwa pande zote mbili, mahindi yanaota mstari wa nyoka. Madam, hukuona?"

Hakuona. Miaka sita ikampita machoni. Kisha akakumbuka alichosoma Kitale, na kicheko kikampanda kutoka tumboni, hakikuzuilika.

"Mwalimu, hivyo ndivyo seli inavyofanya! Kuna protini zinazopima kama kamba imekaza. Ikilegea, zinaifungua ishikwe upya. La sivyo seli moja itapata nakala mbili, na nyingine itakosa kabisa."

"Ati zinapima?"

"Zinapima, Mwalimu."

"Basi mimi ni protini," akasema Gathogo, na uwanja mzima ukapasuka.

Mwenyewe akaifungua kamba moja, akampelekea Khisa, akaivuta mpaka ikalia. Filimbi ikapulizwa. Viwiko vikaachiana, wanane wakatimka huku na huku. Khisa akaanguka chali, wenzake juu yake.

"Nne huku!" alipiga kelele kutoka chini ya rundo.

"Huku pia nne!" Wanjala akajibu.

Gathogo alikuwa akipangusa machozi kwa tai.

"Muhula ujao Form One wanaanza seli," alisema. "Nani mwingine atawafundisha? Jiandae, Madam."

Phelista alitaka kushukuru kwa heshima. Kwikwi ya kicheko ikamkata kauli, akabaki akiitikia kwa kichwa.