'Ngoja Kwanza', muuguzi aliyemnyima mama mkwe dripu ya vitamini

Saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza amekwisha kukunja mkono wa shati na kujilaza kwenye kiti cha kuegemea. Ana haraka. Muuguzi anayemhudumia hana. Anamuuliza kuhusu presha, figo, dawa anazomeza, hata mara ya mwisho alipokojoa.

"Dada, nimefuata dripu, sikuja kuposa," mteja analalamika.

"Hata ungekuja kuposa ningekuuliza hayohayo," anajibiwa, na chumba kizima kinacheka.

Wenzake wamembatiza Ngoja Kwanza, maana ndiyo maneno yanayomtoka kabla hajagusa sindano. Ana miaka kumi na tisa kazini. Kumi na mitano aliitumia katika wodi za hospitali ya umma, minne katika kliniki hii ya binafsi yenye viti vinne, ambako watu huja kutiwa vitamini moja kwa moja kwenye mshipa. Dripu moja ni sawa na mshahara wake wa siku nne.

Je, zinasaidia? Hapindishi maneno.

"Zinamsaidia anayezihitaji," anasema. "Wodini nilikuwa na mjamzito aliyetapika wiki sita, hata maji hayakai tumboni. Tukamwekea maji na vitamini B1, akarudi kuwa mtu. Lakini mzima, anayekula vizuri? Vitamini nyingi ataenda kuzimwaga chooni."

Hatari nazo anazitaja bila kumung'unya maneno: mshipa kuvimba, vijidudu kuingia kwenye damu, mapafu kujaa maji kwa mwenye moyo dhaifu, na vitamini C nyingi kuziumiza figo ambazo tayari zina kasoro.

Mwaka jana hatari hiyo ya mwisho ilimfuata hadi kwenye familia yake. Jumanne moja mama mkwe alitokea kliniki, kavaa gauni la kutokea, pochi kwapani. Majirani zake walikuwa wakisifia dripu, naye aliitaka.

Ngoja Kwanza alipiga magoti, akamvua viatu, akabonyeza kifundo cha mguu. Kidole kikaacha shimo kwenye uvimbe, dalili kwamba maji yanabaki mwilini.

"Mama, leo sikuwekei. Twende hospitali tukapime figo."

"Wageni unawawekea huku unachekacheka, mimi niliyekuzalia mume unanibania?"

Mama aliondoka bila kuaga. Wiki tatu hakupokea simu. Mume, aliyebanwa katikati, anakiri kwamba alimsihi mkewe amwekee mama "hata nusu" ili yaishe. Mkewe akagoma.

"Nilijua ndoa inaweza kuyumba," anasema muuguzi. "Lakini ningemwekea halafu azidiwe mikononi mwangu, ningemtazama vipi mume wangu?"

Mwishowe mume alimbembeleza mama yake, wakaenda kupima. Figo zilikuwa zinafanya kazi chini ya theluthi moja. Daktari aliposikia habari ya dripu iliyokataliwa, alisema aliyekataa anastahili pongezi. Leo mama yuko kwenye dawa na uvimbe umepungua.

Mwandishi wa makala haya amezoea kuandika habari za wauguzi wanaolaumiwa. Hii ameiandika kwa raha.

Sasa Ngoja Kwanza anataka kila mteja wa vitamini C nyingi apimwe figo kabla ya kuwekewa. Mwenye kliniki alihofia wateja watakimbia, lakini amekubali waanze mwezi ujao. Baada ya hapo muuguzi huyu anapanga kuzungukia kliniki za jirani na kuwafundisha wauguzi wapya namna ya kukataa.

"Kutafuta mshipa utajifunza," anasema. "Kumwambia hapana mtu aliyeshika hela mkononi, hapo ndipo kazi ilipo."

Mama mkwe naye alikuja kwenye mahojiano, eti kuhakikisha hakuna kinachoandikwa ovyo. Alipoulizwa kama anajivunia mkwe wake, alimkata jicho mwandishi.

"Mkwe gani? Huyu ni mwanangu. Mkwe ni yule mumewe."