Mkataba wa Kutusaidia Sisi Wadogo

Ligi yetu ya mpira ya Ijumaa, miaka ya tisini, ilikuwa na timu chache za Maskati na moja ya kwetu Qurayyat, ng'ambo ya milima, ya baba yangu. Wachezaji wetu walikuwa wavuvi, walimu wa skuli, na kaka yangu, ambaye bila yeye tungekuwa tunakwenda Ruwi, huko Maskati, kutazama maduka tu.

Basi wakubwa wa timu ya Ruwi wakaingiwa na huruma. Huruma ya wenye nguvu, Mungu atuepushe nayo! Wakasema wachezaji wanaonewa, lazima pawe na mkataba. Mchezaji akishamaliza misimu mitatu, yu huru kwenda apendako, na huko aendako atafungika misimu mitatu mingine. Na sisi wadogo? Hatukusahauliwa, alhamdulillahi. Timu itakayoondokewa na mchezaji itapewa haki ya kuchagua kwanza katika vijana wapya wa ligi.

Baba alikwenda kwenye mkutano, akarudi amefurahi.

"Umeusoma huo mkataba?" nikamwuliza.

"Nimekula wali wa watu, nimekunywa kahawa yao, halafu nianze kusoma herufi mojamoja kama nisiyewaamini? Imesomwa Fatiha, tumeitikia amina."

Kwetu Fatiha ikishasomwa jambo limekwisha, sahihi ni pambo. Ruwi walilijua hilo vizuri, ndiyo maana wali ulitangulia na karatasi ikafuata.

Msimu haujaanza, kaka, aliyekwishatimiza misimu yake mitatu, kashatafutiwa na Ruwi kazi ya ofisini na chumba chenye kiyoyozi. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningekimbia bila ya viatu. Wenzake wengine nao wakaondoka, na sisi tukaitwa kuchagua. Tukachagua kama mabwana! Wa kwanza, karani wa benki wa Maskati, alifika mara moja tu, akatapika njia nzima ya milimani, akauliza bafu la wachezaji liko wapi. Tukamwonesha bahari. Wa pili, mama yake alipiga simu kuuliza hiyo njia ina kona ngapi, na tangu siku hiyo hatukumsikia tena. Uadilifu ulioje, jamani.

Kumbe Ruwi walikuwa wamekusanya washambuliaji mpaka hawana pa kuwaweka. Kaka akawa anakaa benchi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Mwishowe akanipigia simu. "Nnataka kurudi nyumbani," akasema. "Mwambie baba anichukue."

Nikamwambia baba. Nikamwambia pia kwamba timu mbili za Maskati zimeshauvunja mkataba kimyakimya, na hakuna aliyekufa.

"Wao waliitikia kwa midomo," akasema.

"Basi hiyo amina yako itatufungisha mabao saba."

Alicheka, nilimwona. Lakini hakubadili neno lake, na mimi niliondoka pale nimekasirika kweli. Mtu gani anakuwa mkweli kwa watu waliomfanya mjinga?

Mabao saba hatukufungwa. Hatukuweza hata kuingia uwanjani, kwa sababu watu hawakutimia. Ikawa hivyo tena, na tena, mpaka ligi ikatufuta. Kwa masikitiko makubwa, walisema. Walisikitika hata wakatuletea halua. Niliwapa mbuzi, nao waliinusa wakaenda zao.

Ijumaa iliyofuata kaka alikuja wakati wa chakula. Alivaa suti mpya ya mazoezi ya Ruwi, haina hata alama ya jasho. Akasimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Baba," akasema, "ungeniita tu. Neno moja. Ningekuja."

"Nnajua," baba akamjibu.

"Sasa nirudi wapi? Timu hakuna."

Baba alisogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi. "Njoo ule, chakula kinapoa."

Kaka akakaa. Akala huku machozi yanamdondokea kwenye sahani, na baba akawa anamchambulia miba ya samaki.