Mlango Haufungi, na Si Kosa Lake

Juma lililopita nilikuwa dukani mjini Machakos nikinunua mfereji wa jikoni, akaingia mama mmoja kutoka Kathiani akitaka mlango mpya.

"Wa zamani umekataa kufunga," alimwambia muuzaji. "Fundi ameuranda juu, akauranda chini, bado unakwama."

Muuzaji akauliza kama ukuta uko na ufa. Mama akachora hewani mstari ulioshuka ngazi ngazi.

"Huo tunaziba na simiti. Mimi nauliza mlango."

"Mwaitu," muuzaji akamwita mama kwa Kikamba, "mlijenga wapi?"

"Kwa mteremko. Upande mmoja ni mwamba, ule mwingine tulijaza udongo ndio pawe sawa."

Muuzaji aliweka viganja viwili juu ya kaunta, kisha akashusha kimoja polepole hadi chini ya ukingo. "Wa mwamba umesimama. Wa udongo unazama. Nikikuuzia mlango nitakuwa nimekudanganya. Tafuta injinia. Nani analala huo upande?"

Mama alitoa simu, akapiga nyumbani. "Mtoeni nyanya yenu kwa hicho chumba. Sasa hivi! Hapana, mlango sijanunua."

Akitoka alinishika mkono. "Lakini si ni nyumba moja? Itaendaje pande mbili?"

Swali lake linanitatiza mpaka leo. Nimealikwa kwenye nyumba nyingi mpya, nikasifu mabati, vigae na rangi. Sijawahi kumuuliza mwenyeji hata mmoja nyumba yake imekalia nini.